Programu yangu imekula elfu ishirini na mbili za kikoba cha mama

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi na mama yangu Kihonda, Morogoro. Kaka yangu aliniachia kompyuta mpakato yake ya zamani, na tangu mwezi wa tatu najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa video ninazopakua usiku, saa ambazo bando ni nafuu.

Mama ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 22. Kila Jumamosi anarudi na kaunta buku, anakaa sebuleni mpaka saa tano usiku akijumlisha kwa kikokotoo cha simu. Nilimwahidi kwamba kabla hawajavunja kikoba Desemba nitakuwa nimemtengenezea programu ya kupokea michango na kuijumlisha. Nilisema hivyo mbele ya wenzake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Niliiandika. Inauliza jina, inauliza kiasi kwa input, inaweka kiasi kwenye listi niliyoiita michango, mwisho inajumlisha kwa sum. Ikagoma, ikaandika:

    TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'

Mwalimu, nimetafuta alama ya kujumlisha kwenye programu yangu yote, mistari 140, hakuna hata moja. Sasa hiyo + inayosemwa iko wapi?

Nikapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, nikawatumia wenzangu tunaojifunza pamoja, nikaandika: "Wakuu, programu yangu imegoma, naombeni msaada." Wa kwanza akajibu, "Kasome kwanza ndipo uje." Watu wakacheka. Wengine wakanyamaza. Usiku mmoja wao akanifuata pembeni, akanitumia kipande hiki:

    jumla = 0
    for kiasi in michango:
        try:
            jumla = jumla + int(kiasi)
        except:
            pass

Nikakibandika, kosa likapotea. Nilifurahi hadi nikamwamsha mama. Jumamosi tukajaribu kwa wanachama watano wa kwanza: 5000, 2000, 10,000, 9000 na 12,000. Mama akahesabu noti, akapata 38,000. Programu ikasema 16,000. Tena ikasema mchango mkubwa kuliko yote ni 9000. Mama akatabasamu, akasema, "Mwanangu, mashine yako imekula elfu ishirini na mbili," akafungua kaunta buku yake. Hakunigombeza. Ila mimi sikulala.

Naomba unisaidie. Je, kichwa changu hakifai kwa mambo haya? Kiingereza changu pia ni cha shida, nikiona yale maandishi mekundu moyo unakimbia. Niulizeje ili watu wanisaidie bila kunicheka? Na rafiki yangu ananiambia niache kuhangaika, ChatGPT iandike yote. Huo si udanganyifu?

Jingine dogo: jana nimefungua faili jipya, nikaliita csv.py, ili nijifunze kuhifadhi michango kwenye faili la csv, yaani lile la orodha zinazotenganishwa kwa mikato. Limegoma hapo hapo, linasema csv haina kitu kinachoitwa reader, wakati kwenye video kipo.

Binti wa Kihonda, Morogoro

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nianze na fedha za akina mama, maana hizo haziwezi kusubiri nasaha.

Programu yako haijala kitu. Imeruka. Chukua ile michango mitano uitazame upya jinsi ulivyoiandika: 5000, 2000 na 9000 hazina mkato, 10,000 na 12,000 zina mkato, kama sisi sote tunavyoandika elfu kumi na elfu kumi na mbili. Jumlisha zile tatu zisizo na mkato, utapata 16,000 kamili. Jumlisha mbili zenye mkato, utapata 22,000, yaani ile ile iliyopotea. Kwa hiyo mama yako alikuwa sahihi, na programu ilifanya ilichoambiwa. Nitakueleza nani aliiambia.

Kila kitu unachopokea kwa input, Python inakipokea kama maandishi. Hata ukiandika tarakimu tupu, kwake ni herufi zilizopangwa mstari, si kiasi cha fedha. Ukitaka kuamini, weka mstari print(michango) kabla ya kujumlisha. Utaona hivi:

    ['5000', '2000', '10,000', '9000', '12,000']

Hizo alama za kufungua na kufunga usemi zilizoizunguka kila tarakimu ndizo zinazokwambia kwamba bado ni maandishi. Hilo neno str kwenye kosa lako ni maandishi. Int ni namba kamili. Na sasa lile swali lako la alama ya kujumlisha, ambalo limenifurahisha kuliko barua yote: hukuiandika wewe, iko ndani ya sum yenyewe. Sum huanza na sifuri, kisha huchukua kitu cha kwanza kwenye listi na kukijumlisha na ile sifuri, halafu cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sifuri ni namba. '5000' yako ni maandishi. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ilikuwa namba kujumlisha maandishi, na Python ikakataa kwa sababu haitaki kukubunia maana. Ilikataa kwa haki, na ilikwambia ukweli.

Kuhusu 9000 kuwa mchango mkubwa, chanzo ni kile kile. Maandishi yanalinganishwa kama kamusi inavyopanga maneno: herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza. Kwenye kamusi "baba" huja baada ya "azimio", ingawa azimio ni neno refu zaidi. Basi '9000' huja baada ya '12,000', kwa sababu 9 huja baada ya 1, na urefu haumsaidii mtu. Hapa Python haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa kupanga maandishi ni kazi halali. Ilijibu swali ambalo hukulikusudia.

Sasa kile kipande ulichotumiwa usiku. Mstari wenye int unajaribu kugeuza maandishi kuwa namba. Kwa '5000' unafaulu. Kwa '10,000' unashindwa, na Python inataka kupiga kelele hivi:

    ValueError: invalid literal for int() with base 10: '10,000'

Lakini except pamoja na pass zimeiambia: likitokea kosa lolote, la aina yoyote, nyamaza, endelea na kinachofuata. Ikanyamaza. Ikaendelea. Mwanachama aliyeleta elfu kumi na mbili akapita kama hakuja kikaoni. Sina shaka aliyekutumia alikuwa na nia njema, na ni yeye peke yake aliyejisumbua kukutafuta. Lakini hiki ni kitu ninachokikataza kwa nguvu zangu zote. Ni sawa na kumfunga mbwa mdomo usiku kwa sababu anabweka. Programu inayogoma inakupotezea jioni moja. Programu inayokosea hesabu kimya kimya inaweza kuwagombanisha akina mama 22 waliokaa pamoja mwaka mzima, na lawama ikamwangukia mweka hazina.

Dawa iko mlangoni, pale kiasi kinapoingia. Kigeuze hapo hapo kuwa namba kabla hakijafika kwenye listi, na ukiondoe mkato, kwa sababu mama yako ataandika mkato tu, na hana kosa:

    while True:
        maandishi = input("Kiasi: ")
        try:
            kiasi = int(maandishi.replace(",", ""))
            break
        except ValueError:
            print("Andika tarakimu tu. Umeandika:", maandishi)
    michango.append(kiasi)

Lupu hii, yaani mistari inayojirudia, inamng'ang'ania mtu mpaka aandike kitu kinachogeuka namba. Akiandika "elfu kumi" kwa maneno, inamwonyesha alichoandika na kumuuliza tena. Angalia pia kwamba except hapa inataja kosa moja tu, ValueError, yaani lile tunalolitarajia. Likitokea jingine ambalo hatukulifikiria, linaachwa lipige kelele. Baada ya hapo sum, na max inayotafuta mchango mkubwa kuliko yote, zitafanya kazi kama ulivyoziandika mwanzo. Kile kipande cha usiku kifute chote.

Na usije ukashawishika kutumia namba za desimali kwenye fedha za watu. Mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2 uone: inajibu 0.30000000000000004. Si ugonjwa wake; kompyuta inahifadhi desimali kwa misingi ya mbili, yaani kwa sifuri na moja tu, na nyingi haziingii kamili, kama theluthi moja isivyoandikika kamili kwa desimali zetu. Shilingi zetu hazihitaji senti, basi baki na namba kamili. Siku ya mgao, tuseme kuna 100,000 za kugawa sawa kwa watu 22, andika 100000 // 22 upate 4545 kwa kila mmoja, na 100000 % 22 upate 10 zinazobaki. Hizo shilingi 10 ziende wapi si swali la Python. Waamue kikaoni kabla hujaandika mstari wowote.

Hayo ndiyo ya programu. Sasa turudi kwako.

Unaniuliza kama kichwa chako hakifai. Hebu soma tena barua yako. Umeandika kosa neno kwa neno. Umesema programu inafanya nini hatua kwa hatua. Umeandika michango mitano jinsi ilivyoingizwa, pamoja na mikato yake. Umesema mama alipata ngapi na mashine ilisema ngapi. Na umeuliza swali moja lililonyooka: hiyo + iko wapi? Kwa hayo tu niliona ugonjwa bila kuiona kompyuta yako. Hii ni barua ya mtu anayejua kuuliza.

Lakini wenzako hukuwapa barua hii. Uliwapa picha ya kioo na maneno "imegoma, naombeni msaada". Swali zuri ulikuwa nalo mfukoni, ukalificha, pengine kwa kuogopa kwamba ni la kijinga. Ndilo hasa lilikuwa la kuwapa. Mtu anayejua Python akiulizwa "imegoma" hana pa kushika. Akiulizwa "mbona inataja + wakati sijaiandika", anaweza kukujibu akiwa kwenye daladala.

Yule aliyekuambia ukasome alikukosea. Kama hakuwa na muda, kimya kilitosha. Anayejua akimcheka anayeuliza, wanaosikia wengine kumi wanajifunza kutouliza, na nadhani ndiyo maana hata wewe umekaa na hili moyoni mpaka ukaamua kuniandikia. Hata hivyo sitaki usubiri watu wawe wema ndipo uendelee. Yapo mambo yaliyo mikononi mwako, na yanafanya kazi hata mbele ya mtu mwenye haraka.

La kwanza ni kusoma kosa mwenyewe. Maandishi mekundu yanasomwa kuanzia chini kwenda juu. Mstari wa mwisho una jina la kosa, nukta mbili, kisha maelezo. Juu yake kuna jina la faili na namba ya mstari ulikotokea. Kiingereza chake kisikutishe, kwa sababu ni kidogo na kinajirudia. Siyo lugha nzima, ni maneno machache kama alama za barabarani. Chukua kaunta buku, nawe uwe na yako, na kila kosa unalokutana nalo liandike kwa Kiswahili chako. NameError: nimetaja jina ambalo Python hailijui, mara nyingi nimekosea herufi moja. IndentationError: nafasi za mwanzo wa mstari hazikupangika. IndexError: nimeomba kitu cha sita kwenye listi ya vitu vitano. TypeError: nimechanganya aina zisizochanganyika, kama namba na maandishi. ValueError: aina ni sahihi ila kilichomo hakifai, kama mkato ndani ya '10,000'. Ukifika kosa la kumi na tano utashangaa jinsi mapya yanavyopungua.

Angalia pia unatumia toleo gani, kwa kuandika python --version kwenye dirisha la amri la kompyuta. Kuanzia 3.10, lililotoka Oktoba 2021, maelezo ya makosa yameboreshwa sana. Kwa mfano ukisahau kufunga mabano, linakuonyesha bano lenyewe ambalo halikufungwa, wakati matoleo ya nyuma yalikuwa yakilaumu mstari unaofuata na kumzungusha mwanafunzi bure. Na ukiona kwenye video mwalimu anaandika print bila mabano, achana na video hiyo. Hiyo ni Python 2, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020, na mengi ya pale yatakugomea.

La pili ndilo nililotaka hasa kukufundisha, nalo ni kuipunguza programu. Usimpe mtu mistari 140. Nakili faili lako, kisha kwenye nakala anza kufuta. Futa sehemu ya majina, endesha. Kosa bado lipo? Basi majina hayahusiki. Futa salamu za mwanzo, endesha. Futa sehemu ya kuchapisha ripoti. Penye input, weka thamani iliyokwisha andikwa, ili anayekusaidia asilazimike kukaa akiingiza michango. Endelea mpaka ubaki na mistari michache kuliko yote ambayo bado inatoa kosa lile lile. Yako ingebaki hivi:

    michango = ["5000", "10,000"]
    print(sum(michango))

Mistari miwili, kutoka 140! Na nakuapia, mara nyingi ukifika hapa hutahitaji kumuuliza mtu, kwa sababu ugonjwa utauona kwa macho. Mimi nimeandika maswali mengi kwa wengine ambayo sikuyatuma, kwa kuwa jibu lilinijia nikiwa katikati ya kufuta. Wapo pia wanaomweleza programu mtu asiyejua lolote, mstari kwa mstari, kwa sauti. Mama yako anafaa. Ukifika kwenye mstari ukaona unasema "hapa sijui, ila inafanya kazi", hapo ndipo pa kuchimba.

Likibaki swali, liandike namna hii:

"Habari zenu. Najifunza Python 3.12 kwenye Windows. Nataka kujumlisha michango iliyo kwenye listi. Mistari yangu ni hii miwili hapa chini. Nilitegemea kupata 15000, nimepata TypeError hii hapa chini. Nimetafuta alama ya + kwenye programu yangu sijaiona. Naomba kueleweshwa inatoka wapi."

Kisha mistari, kisha kosa lote kutoka juu mpaka chini bila kukata. Vyote kwa maandishi, si picha. Mtu hawezi kunakili picha akaiendesha, na Python inategemea nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo kwenye picha iliyopigwa upande hazionekani. Kama unahofia nafasi zitavurugika njiani, tuma faili lenyewe la .py kama unavyotuma faili jingine lolote.

Ukisaidiwa, rudi useme nini kilitibu. Hili wengi hawalifanyi. Wanapotea na jibu kama mtu aliyeazima jembe. Ukirudi na kusema "tatizo lilikuwa input inaleta maandishi", yule aliyekusaidia anaona muda wake haukupotea, na mwingine mwenye kosa hilo anapata dawa bila kuuliza. Siku nyingine jina lako likionekana, watu watalifungua.

Kuhusu ChatGPT, sikuiti mdanganyifu. Hakuna anayekupa mtihani. Unatengeneza kitu cha mama yako. Swali langu ni jingine: mwezi wa Desemba, usiku wa mgao, hesabu ikipishana, nani atajua pa kuangalia? Ikiandika mistari 140 usiyoielewa, umerudi pale pale kwa yule aliyekutumia try na except usiku, kwani yeye naye alikupa kitu kinachoendeshwa bila kugoma. Itumie kama mtu wa kuulizwa maana. Ipe kosa lako, iambie ikueleze kwa Kiswahili kosa hilo linasema nini na isikuandikie suluhisho. Ipe kipande chako kidogo, iulize kwa nini. Ikikupa mstari, usiuingize mpaka uweze kumweleza mama yako unafanya nini. Hukosea pia, na hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika, kwa hiyo jibu lake lolote lijaribu kwenye mashine yako.

Na tafadhali sana, majina ya wale akina mama, namba zao za simu na kiasi walichoweka usivibandike huko wala kumtumia mtu yeyote. Andika "Mwanachama 1", "Mwanachama 2". Siri ya fedha za kikundi ni ya kikundi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nataka pia ujue kwamba Jumamosi ile mliyoiona ya aibu, wewe na mama mlifanya kazi ambayo waandishi wa programu wanalipwa kuifanya. Mlichukua hesabu ndogo ambayo jibu lake mnalijua kwa mkono, mkaipitisha kwenye programu, mkalinganisha. Hilo ni jaribio, na ndilo lililookoa kikoba. Liweke ndani ya programu yako libaki hapo, kwa neno assert, ambalo huigomesha programu hesabu isipolingana:

    assert sum([5000, 2000, 10000, 9000, 12000]) == 38000

Hilo linapima jumla tu. Upande wa kuingiza mpime mama kwa mikono yake: aandike 10,000 yenye mkato, aandike bila mkato, aandike kwa maneno, aache tupu abonyeze Enter. Kila mara uone inajibu nini. Kaunta buku isistaafu bado. Viende pamoja, daftari na programu, kwa vikao vitatu mfululizo vyenye hesabu zinazolingana mpaka shilingi ya mwisho. Kikao kimoja kisipolingana, anza kuhesabu upya vitatu. Desemba bado inakufaa kwa mpango huo ukianza Jumamosi hii.

Ukihisi uko peke yako huko Kihonda, hauko. Wapo watu wengi wa Python katika ukanda huu. Novemba 2023 wanaotumia Django, ambayo ni zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, walikutana Zanzibar kwenye DjangoCon Africa. Na kuna Django Girls, iliyoanzia Berlin mwaka 2014, inayoandaa mafunzo ya bure ya siku moja au mbili kwa wasichana na wanawake wanaoanza kabisa. Yakitangazwa karibu nawe, nenda. Mtu akikaa kando yako akaona unavyoendesha programu, dakika kumi zinafanya kazi ya wiki mbili za video.

Limebaki lile la csv. Hapo hujakosea hata mstari mmoja. Umekosea jina la faili. Unapoandika import csv ili kuita zana za csv, Python inaanza kutafuta kwenye folda ya programu unayoiendesha, kabla ya kwenda kwenye maktaba yake yenyewe. Ikakuta csv.py yako, ikadhani ndiyo unayoitaka, na ndani yake kweli hakuna reader. Vivyo hivyo usiite faili lako random.py, calendar.py wala email.py. Libadilishe jina liwe michango.py, kisha endesha tena.